Harufu ya Soksi Chini ya Blanketi

Mjinga wa siku ile alikuwa Brandon Onyancha, na tuseme hivyo mapema ili mtu asije akahangaika kumtafuta mwingine. Ukimuuliza mwenyewe leo, atajinyooshea kidole kifuani kabla hujamaliza swali. Lakini asubuhi ya Jumamosi ile alijiona mwerevu kuliko watu wote wa Lewisville, Texas, na ukichanganya na wa Dallas nzima bado alijiona mbele.

Jumamosi nyumbani kwao ilikuwa na utaratibu wake. Mama yake, Kagendo, aliondoka alfajiri kwenda Fort Worth, kwenye hospitali alikofanya kazi ya uuguzi. Baba yake alikuwa barabarani na lori, majimbo ya mbali, akipiga simu kila aliposimama kula. Nyumba ilibaki mikononi mwa Nyanya Kwamboka, mama yake baba, aliyekuja kutoka Kisii kuwatembelea na ambaye hakuweza kukaa bure hata angelipwa. Kiingereza chake kilikuwa "tenkyu" na "noo" basi, lakini kwa maneno hayo mawili alikuwa ameshawatawala majirani wote wa ghorofa ile. Kila Jumamosi alikusanya viatu vya nyumba nzima, akavipeleka bafuni na kuvisugua kwa mswaki mzee mpaka vikatoa maji meusi.

"Viatu vyako, Brandon," aliita kutoka koridoni.

"Vya mpira uviache, Nyanya. Ni vipya."

"Vipya vinanuka namna hii? Vikizeeka itabidi tuhame."

Brandon aliruka kutoka kitandani kama aliyekalia msumari, maana ndani ya kiatu cha kulia, kule mbele kabisa penye vidole, alikuwa ameficha kichupa.

Kichupa hicho kilikuwa cha Sheldon, kijana wa miaka kumi na saba waliyesali naye kanisa moja. Sheldon alikuwa na masharubu machache aliyoyatunza kama bustani, na wadogo wote wa kwaya walimwona ndiye mtu. Ijumaa, baada ya mazoezi, alimwita Brandon nyuma ya kanisa, kwenye mapipa ya taka, akatoa mfukoni kichupa kidogo cha rangi ya kahawia. Karatasi yake ilisema ni maji ya kusafishia vitu vya ngozi. Sheldon alisema vinauzwa duka moja la kando ya barabara kuu, na kwamba hakuna mnunuzi yeyote mwenye ngozi ya kusafisha. Watu wananusa.

"Ni dawa ya moyo," alisema. "Madaktari walikuwa wanawapa wagonjwa. Inafungua mishipa. Au wewe bado ni mtoto?"

Swali hilo la mwisho limewafanya wavulana wengi wafanye mambo ambayo hata mbuzi angeyakataa. Brandon akanusa.

Ilianza harufu. Chukua soksi iliyoloa mvua, isahau ndani ya mkoba pamoja na ganda la ndizi, kisha uache mkoba huo ndani ya gari, Texas, mwezi wa Agosti. Ndiyo hiyo. Baada ya harufu, uso ukamwaka moto hadi masikioni, moyo ukaenda mbio kana kwamba kuna kitu kinaufukuza, na ardhi ikayumba. Punde moto ule ukaondoka ukamwachia kichwa kinachogonga na tumbo lililopinduka. Akatapika chai na mandazi ya kwaya kando ya pipa, na sehemu ya mandazi ikatua juu ya viatu vyake vipya. Sheldon alicheka mpaka akashika ukuta.

"Hii ndiyo raha yenyewe?" Brandon aliuliza, akijipangusa mdomo kwa mkono wa shati.

"Utazoea."

Mara gari la mama yake Sheldon likakata kona. Sheldon akakisukuma kichupa mkononi mwa Brandon. "Niwekee mpaka Jumapili. Ukimwambia mtu, nitasema ni chako."

Basi Brandon akakiweka. Kwa kuwa kilinuka hata kikiwa kimefungwa, aliwaza njia nzima ya kurudi nyumbani, akaona hakuna maficho mazuri kuliko kiatu. Nani angeshangaa kiatu kunuka soksi? Huo ndio ulikuwa werevu wake.

Na sasa kichupa kilikuwa kiganjani mwa Nyanya. Alikuwa na mafua tangu katikati ya wiki. Alidai kiyoyozi kilikuwa kimempulizia Marekani yote puani. Alikisogeza kichupa karibu na macho, kisha akakinusa, lakini pua yake ilikuwa imeziba kama bomba la sinki. Hakusikia kitu.

"Hiki ni nini?"

Yalikuwepo majibu mengi ya kweli, na yote mafupi. Brandon alichagua la uongo.

"Dawa ya mafua, Nyanya. Ya kunusa. Nesi wa shule alinipa."

"Ukaitia kiatuni?"

"Ili nisiipoteze."

Nyanya alimtazama kama anayepima sukari kwa jicho. "Haya. Nenda ukacheze."

Brandon aliuchukua mpira wake, akashuka ngazi akiruka, na hakukumbuka hata kukidai kichupa. Alijua tu kwamba ameponea.

Alicheza uwanjani kwao na Jessica, msichana wa darasa lake aliyeishi mlango wa pili. Mama yake Jessica, Marguerite, alikuwa Mkongo wa Bukavu, na kazi yake ilikuwa kuwatunza wazee katika nyumba moja kule Carrollton. Marguerite na Nyanya walikuwa wamekuwa marafiki wa kuazimana sufuria, kila mmoja akicheka Kiswahili cha mwenzake. Siku hiyo Marguerite naye alikuwa na mafua, na Nyanya alikuwa amemwita aje wajifukize kwa zamu.

Watoto walipopata kiu walipanda kwenda kunywa maji nyumbani kwa kina Brandon. Harufu iliwapokea mlangoni.

"Nani amekufa humu?" Jessica aliuliza, akivuta kola ya fulana mpaka machoni.

Nyanya Kwamboka alikuwa amekaa sebuleni juu ya kigoda, amejifunika blanketi zito kuanzia kichwani hadi sakafuni, sufuria ya maji ya moto ikiwa miguuni pake. Ilionekana nundu ya blanketi tu, ikipumua. Marguerite alikuwa amekimbilia upande wa pili wa chumba, kitenge amekibana puani.

"Koko, toka mule," alisema. Kwao bibi huitwa koko, na Nyanya alikuwa amelizoea jina. "Hii dawa iko na harufu ya miguu ya mutu mwenye kulala na viatu. Mimi siingie. Nitabaki na mafua yangu."

"Dawa ya kweli hainukii manukato, Marguerite," nundu ilijibu. "Ngoja zamu yako. Mimi nimeanza kufunguka. Uso unawaka kama nimekaa jikoni kwangu."

Brandon alitazama meza ya jikoni. Maganda ya vitunguu. Tangawizi. Majani makavu ambayo Nyanya aliyaleta ndani ya sanduku, yamefungwa katikati ya nguo. Na kichupa, kimelala ubavu, kifuniko mbali, kikavu.

Angeweza kusema palepale: Nyanya toka, hiyo si dawa ya mafua. Maneno yalipanda mpaka kwenye meno, yakaona jinsi mambo yatakavyokuwa, yakarudi chini. Badala yake alifungua dirisha, akasema joto limezidi, labda Nyanya apumzike.

"Funga dirisha, unaniharibia mvuke."

Brandon alisimama na mkono dirishani. Hakulifunga.

Kisha blanketi likatupwa. Nyanya alitoka akiwa ameloa jasho, macho mekundu, mishipa imesimama kwenye paji la uso. "Kichwa," alisema. "Kichwa kinataka kupasuka." Aliinuka akielekea sinki, hakufika. Akatapika njiani, akaanza kuanguka, na mguu ukaigonga sufuria. Vitunguu vilivyoiva, majani meusi na matapishi vikatiririka pamoja juu ya zulia, na uvundo wa soksi ukapanda juu ya vyote.

Marguerite huinua wazee kila siku ya kazi. Alimdaka kwa chini ya makwapa kabla kichwa hakijafika chini, akamlaza, akamwekea mto chini ya miguu. "Jessica, ita ambulansi. Sasa hivi. Brandon, weye leta kitambaa, acha kusimama kama nguzo."

Wahudumu wa ambulansi walifika, mwanamke na mwanamume. Yule mwanamke alipiga magoti kwenye zulia lile bila kujali, akaanza kuuliza. Nyanya hakujua Kiingereza. Marguerite alijua cha kazini tu. Kwa hiyo macho yote yalimgeukia mjukuu, kama kawaida. Ni Brandon aliyekuwa mdomo wa Nyanya dukani, kliniki, na kwa majirani.

"Anatumia dawa yoyote?"

"Vidonge vya kushusha presha."

"Alikuwa anafanya nini?"

Brandon alieleza kujifukiza vizuri kabisa: maji ya moto, blanketi, mvuke.

"Ndani ya maji alitia nini? Muulize."

Brandon aliinama akauliza. Nyanya alifumbua macho kwa shida. "Vitunguu," alisema. "Tangawizi. Majani yangu. Na ile dawa yako ya kwenye kiatu. Waambie juu ya ile dawa yako."

Brandon akainua uso. "Anasema vitunguu, tangawizi, na majani ya kwao."

Jessica alikuwa amesimama karibu na friji. Alielewa Kiswahili na Kiingereza sawasawa. "Mbona hujamaliza?" aliuliza.

"Nimemaliza."

"Hujamaliza, Brandon."

Mhudumu alikuwa amembana Nyanya kidole kwa kile kifaa kinachopima oksijeni ya damu. Namba ikawa chini. Akamvisha barakoa ya oksijeni, akangoja. Namba haikupanda. Akabadilisha kidole, akatazama kucha, akatazama midomo. Midomo ya Nyanya ilikuwa imeanza kuwa ya rangi ya jivu la mkaa, kuna ubuluu ndani yake.

"Hewa inaingia na namba imegoma," alimwambia mwenzake kwa sauti ya chini. "Na presha imeshuka mno. Sipendi. Labda ni moyo, labda ni mapafu. Tutawaambia hospitali wajiandae kwa moyo."

Mkono wa Nyanya ulikuwa unapapasa zuliani, ndani ya uchafu ule, ukitafuta kitu. Ulipogusa kidole cha Brandon ukakishika, ukatulia. Alikuwa anamtegemea. Brandon alisikia kichefuchefu kikimpanda, na safari hii hakikutoka kwenye kichupa. Kilitoka kwake mwenyewe.

"Kuna neno amesema, sikulitafsiri," alisema.

Mhudumu akamgeukia.

Brandon alikwenda jikoni, akarudi na kichupa. Alieleza yote kwa pumzi moja: si dawa ya mafua, watu hununua ili wanuse, alipewa na Sheldon wa kwaya naye akanusa, alikificha kiatuni, Nyanya alimuuliza akamdanganya, na Nyanya akamwamini akakimimina chote. Mhudumu alikisoma kichupa kwa mbali, uso ukakunjamana kwa harufu. Hakumgombeza. Alishika redio papo hapo akawaambia hospitali kwamba mgonjwa amevuta nitriti, kemikali iliyokuwa kwenye kichupa, tena nyingi, na ana dawa za presha mwilini.

"Afadhali umesema," alimwambia wakimwinua Nyanya. "Ungesema tulipoingia, ingekuwa afadhali zaidi."

Hospitalini walimtoa Nyanya damu, na Brandon, aliyeruhusiwa kukaa na Marguerite karibu na pazia, aliiona. Haikuwa nyekundu. Ilikuwa ya kahawia, kama chai ya kakao iliyopoa ikaganda utando. Aligeuza uso ukutani. Daktari hakushangaa, kwa sababu alikuwa ameshaambiwa atazamie nini. Walimtia mshipani dawa yenye rangi ya buluu kama wino, wakamwekea maji ya kuinua presha, na taratibu midomo ikarudi kuwa midomo.

Kagendo alipofika kutoka kazini, akiwa bado na sare, alimkuta mama mkwe wake ameketi, amekunja uso.

"Kagendo, njoo uone kwenye ile beseni. Nimekojoa kijani."

"Ni ile dawa, Mama. Itapita."

"Kijani kabisa, kama maji ya kuchemshia sukuma wiki. Mimi nimelea watoto saba na ng'ombe, sijawahi kujionea kinyaa. Leo nimejionea."

Marguerite alicheka mpaka akatoka nje. Brandon hakuthubutu.

Mama yake alimkalisha kwenye kiti cha koridoni. Hakupaza sauti, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Nisikilize," alisema. "Kile kitu kinapanua mishipa ya damu kwa ghafla. Ndiyo maana uso ulikuwaka na kichwa kikakugonga. Mishipa yote ikipanuka, presha inaanguka, na Nyanya tayari anameza vidonge vya kuiteremsha. Kisha kikaharibu damu yenyewe. Oksijeni ilikuwepo tele kwenye barakoa, ila damu haikuwa na mikono ya kuishika. Ungeendelea kunyamaza, wangehangaika na moyo huku shida iko kwenye damu."

"Nilisema, Mama."

"Ulisema, na nashukuru. Lakini kwanza ulimeza neno lake. Mtu akikutegemea umtafsirie, wewe ndiye mdomo wake. Ulimfunga Nyanya mdomo akiwa sakafuni. Mimi husafisha vidonda vinavyooza, Brandon. Harufu hainisumbui. Hilo ndilo limenichefua."

Jumapili Brandon alipiga magoti akasugua zulia kwa mswaki wa viatu, asubuhi mpaka mchana, akitema mate kwenye ndoo kila mara. Vipande vya vitunguu vilikuwa vimeingia ndani ya manyoya ya zulia na ilibidi avitoe kwa kucha. Uvundo ulibaki kwenye kucha zile hata baada ya sabuni na limau. Hakuna aliyemwambia asugue. Alipomaliza alikwenda kuketi karibu na Nyanya, aliyekuwa amerudi nyumbani, akamwambia kwa Kiswahili kwamba alimdanganya kwa sababu aliogopa kugombezwa.

"Na umegombezwa?" Nyanya aliuliza.

"Ndiyo."

"Umekufa?"

"Hapana, Nyanya."

"Mimi nusura. Sasa unajua kipi ni kizito." Akamsukumia sahani ya viazi vitamu.

Jioni Sheldon aliletwa na mama yake, aliyebaki garini kwa aibu. Alisimama sebuleni ameshika mfuko wa machungwa kama mtu anayetoa ushahidi. Aliomba msamaha kwa Kiingereza, lakini msamaha wake ulikuwa na mkia mrefu.

"Pole sana, Nyanya. Ila si mimi niliyeimwaga kwenye sufuria. Na Brandon ndiye aliyesema ni ya mafua."

"Nilisema," Brandon alijibu. "Na wewe ndiye uliyenipa."

"Mimi nilikuambia ukweli. Nilikuambia ni dawa ya moyo. Nimesoma kwenye simu. Tena muulizeni Auntie, yeye ni nesi."

Kagendo aliweka kikombe mezani. "Ni kweli, zamani ilikuwepo dawa ya aina hiyo iliyotumika. Amili nitriti. Ilikuwa kwenye vichupa vya kioo vyembamba, vimefungwa kwa kitambaa. Mgonjwa wa moyo akibanwa na kifua, kilivunjwa kimoja akavuta kidogo, mishipa ikapanuka, maumivu yakapungua. Waliovuta sumu ya sianidi pia walipewa. Lakini mgonjwa alipimwa, akalazwa, na mtu alimwangalia. Baadaye ikapatikana dawa iliyo bora ya kuweka chini ya ulimi, na siku hizi ile hutaikuta hivihivi. Hicho chako cha dukani hakuna daktari aliyekipima, wala hakuna ajuaye kimechanganywa na nini."

"Lakini ni dawa," Sheldon alishikilia. "Umesema mwenyewe, Auntie. Inaponya. Sasa kosa langu liko wapi?"

Kagendo alifungua mdomo, lakini Nyanya Kwamboka alikuwa ameshainua mkono. Brandon alisogea karibu akamtafsiria maneno ya Sheldon yote, bila kuacha hata moja. Nyanya alisikiliza mpaka mwisho, akatia kipande cha chungwa mdomoni, akatafuna bila haraka.

"Mwambie hata kisu huponya," alisema. "Madaktari wanapasua watu kila siku na wanaamka. Mimi ninacho jikoni, nimechinjia mbuzi wengi. Mwambie avue shati, alale hapo mezani."